Simfahamu, Ndani ya Pindo

Mtaani wanamwita Mama Pindo, na jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Mapindo ya nguo zake ni mapana kupita kawaida, vidole vitatu vizima, wakati mafundi wengine hukunja kidole kimoja na nusu, kitambaa kinachobaki wakakiona ni riziki. Wateja hudhani ni ukarimu: mtoto akirefuka, sketi inashushwa, mwaka mwingine unapita. Kwa nguo za watoto ni kweli. Kwa nguo za jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye mtaa unamwita Bi Wima, upana ule ulikuwa na kazi nyingine.

Nilipanga chumba chake cha juu kwa miezi saba, nikazoea kuamshwa na cherehani. Nyumba yake ni namba kumi na tisa, ya mwisho katika safu. Upande wa kulia hakuna mtu, kuna ukuta wa bohari la reli. Kushoto ni namba kumi na saba, kwa Bi Wima. Chumba cha kushonea kiko chini, mbele, na cherehani limeegeshwa dirishani. Aliyeketi pale hana budi kuliona lango la shule kila anapoinua uso kutia uzi kwenye sindano. Lango la chuma, kijani, hatua mia moja na arobaini kutoka mlangoni. Alizihesabu mwenyewe siku walipohamia.

Nimeishi katika miji kadhaa iliyokatwa katikati na reli, na kila mara wenyeji waliniapia kwamba reli ile ni ya treni tu. Hapa pia. Juu ya reli walikaa weupe, chini yake weusi, na hakuna karatasi yoyote ya serikali iliyosema hivyo. Juu kulikuwa na shule ya msingi yenye maktaba na watoto ishirini na watano kwa darasa. Chini kulikuwa na shule ya msingi yenye ukungu kutani, na watoto waliobanana watatu katika dawati la wawili. Mzazi alikuwa huru kuchagua. Sharti lilikuwa moja tu, tena la shule ya juu pekee: mtoto awe mkazi wa mtaa wake.

Mumewe, fundi wa breki za mabehewa, alisikia kwamba namba kumi na tisa inauzwa, na kwamba weupe hawaitaki kwa sababu ya kelele za bohari. Kelele zile alikuwa akizipiga yeye mwenyewe, hazikumtisha. Wakauza walichokuwa nacho, wakahamia na binti yao wa miaka mitano, familia ya kwanza nyeusi katika mtaa ule. Watu wa chini wakawasema kwamba wamefuata hewa ya weupe.

"Hatukufuata hewa," Mama Pindo aliniambia. "Tulifuata lango."

Bi Wima alipata jina lake kwa sababu ya mwendo. Hutembea kama aliyebeba sinia la bilauri kichwani, shingo ndefu, mabega sawasawa. Mtaa mzima ulimtolea mfano kwa mabinti zao. Ukweli wa mabega yale aliujua mtu mmoja tu. Bega la kushoto liko chini kwa nusu inchi kuliko la kulia, alianguka farasini alipokuwa msichana, na Mama Pindo aliligundua siku ya kwanza alipomzungushia tepu. Alishona pedi nyembamba upande wa kushoto, akaishusha shingo ya gauni kidogo upande wa kulia, na Bi Wima alipojitazama kiooni alijigeuza kulia na kushoto mara tatu. Tangu hapo hakushona kwingine.

Ila alipitia mlango wa uani. Alikuja saa nane za mchana, jua kali, madirisha ya mtaa yakiwa yamefungwa, kitambaa kikiwa chini ya kwapa kama mtu aliyeiba. Wakiwa ndani walizungumza vizuri, uzazi, waume, miguu inayovimba. Wakikutana barabarani, Bi Wima alikuwa na jambo la kutazama upande wa pili. Mama Pindo hakulichukulia kwa uzito. Alidhani ni haya, na haya huisha.

Ukafika mwaka wa binti kuanza shule. Fomu ya kule juu ilikuwa na sehemu ya nne, iliyoitwa ushahidi wa jirani. Jirani wa ukuta mmoja ajibu kwa mkono wake: je, unamfahamu mwombaji? Eleza. Mistari minne. Wengine walikuwa na jirani kulia na kushoto, wakachagua anayewapenda. Mama Pindo alikuwa na bohari na Bi Wima. Akaipeleka fomu namba kumi na saba asubuhi, akapokelewa mlangoni, akaambiwa na Bi Wima kwamba ataipeleka mwenyewe shuleni, asijisumbue. Akashukuru hata akataka kuinama.

Shule ile ilikuwa na desturi. Fomu zote, zilizokubaliwa na zilizokataliwa, zilibandikwa kwenye ubao wa langoni kwa siku saba, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya kwanza Mama Pindo alimvisha binti yake soksi mpya, akamshika mkono, wakazipiga zile hatua mia moja na arobaini. Fomu yao ilikuwa safu ya chini, kwa kimo cha mtoto. Sehemu ya nne, kwa mwandiko mzuri wa mviringo, ilikuwa na neno moja:

Simfahamu.

Wazazi walikuwa wamejaa pale. Hakuna aliyecheka. Walisogea kidogo tu, kuwapisha, kama watu wanavyompisha aliyefiwa. Bi Wima mwenyewe alipita na mwanawe wa pekee, ambaye alikuwa akimaliza shule hiyohiyo, na alikuwa amevaa gauni la kijivu lililotoka kwenye cherehani la Mama Pindo siku tisa nyuma. Mtoto akauliza wanasoma nini. Mama yake akamwambia ni tangazo.

Kwa siku saba lile neno lilikaa langoni. Mume alikwenda kwa karani wa shule kulalamika, akajibiwa kwa upole kwamba kila mwombaji ana haki ya fomu ya pili, na fomu ya pili ina mistari ileile. Mwaka huo binti alianza shule ya chini. Alivuka reli asubuhi na mchana, akakohoa ule ukungu miaka saba.

Wiki mbili baada ya fomu kubandikwa, saa nane mchana, mlango wa uani ukagongwa. Bi Wima, hana hili wala lile, na kitambaa cha samawati chini ya kwapa.

Hapa ndipo nilipomwelewa mwenye nyumba wangu, kwa sababu nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kwa nini hakumfukuza? Alikuwa anapasi kola. Hakuinua uso.

"Ukimfukuza mtu humwoni tena," akasema. "Mimi nilitaka kumwona."

Akampima. Akamuuliza habari za nyumbani. Akashona gauni la samawati, pedi kushoto, shingo chini kulia, likatoka zuri kuliko la kijivu. Na kabla ya kufunga pindo, upande wa ndani, kwa uzi wa samawati, mshono wa kurudi nyuma, herufi ndogo kama punje za mtama, akalizungusha neno lile kuanzia mshono wa pembeni hadi mshono wa pembeni: simfahamu, simfahamu, simfahamu. Halafu akalikunja ndani, vidole vitatu, akalifunga. Jumapili Bi Wima alipita nalo mtaa mzima, wima, akisalimiwa.

Nimejaribu kuongea lugha nyingi, nyingine vibaya. Katika kadhaa ya hizo, ukitaka kumkana mtu unahitaji maneno matatu au manne, na anayekanwa husimama pembeni, neno lake peke yake. Kwa Kiswahili unamkana kwa neno moja, naye yumo humohumo ndani. Mama Pindo hakuhitaji mimi kumwambia. Aliligundua sindano ikiwa mkononi, kwenye gauni la pili au la tatu.

"Hiyo m iliyobanwa hapo katikati ni mwanangu," alisema. "Alimkana, sawa, lakini ilimbidi amtie ndani kwanza."

Kwa hiyo kuanzia gauni lile, ile m ya kwanza aliishona kwa uzi mwekundu. Herufi nyingine zote zilifanana na kitambaa, hata mkono ungepita usizione. Ile moja ilikuwa kama tone.

Magauni kumi na moja kwa miaka ishirini na miwili. La mazishi ya mume wa Bi Wima. La kustaafu kwake. La kumuaga mwanawe alipokwenda kufanya kazi ng'ambo. Mume wa Mama Pindo naye alifariki katika miaka hiyo, na Bi Wima hakufika msibani, alituma maua kupitia uani. Gauni lililofuata lilipata pindo la vidole vinne.

Kuna bei aliyoilipa mwenyewe, na aliniambia bila kuulizwa. Binti yake alijifunza kusoma chini ya meza ya kushonea, nguo zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Neno refu la kwanza alilolisoma peke yake, kwa kuligawa vipande, lilikuwa lile. Akalisoma kwa sauti, akasubiri kupongezwa. Mama yake akampongeza.

Binti huyo sasa ni mpimaji wa macho mji mwingine. Mtaa nao umebadilika kidogo, wamehamia weusi wawili watatu wenye magari. Upande wa pili wa Bi Wima, namba kumi na tano, anakaa mfamasia mstaafu, mweupe, mpole, asiyesahau kufunga geti lake.

Mwaka jana mwana wa Bi Wima alirudi kutoka ng'ambo kwa wiki mbili na mke wake na mtoto wao wa miaka sita. Mke ni mweusi. Mtoto ni mweusi kama mama yake, mashavu mviringo, msemaji. Wazazi wana mkataba wa kazi melini, kwa hiyo waliona ni vyema mtoto abaki na bibi yake, asome pale baba yake aliposoma. Bi Wima alimpenda mtoto yule hadi akasahau kutembea wima. Nilimwona kwa macho yangu akimkimbiza barabarani, bega moja juu, jingine chini, anacheka.

Akachukua fomu. Akaipeleka namba kumi na tano. Mfamasia aliishika siku mbili, akairudisha kwa adabu, imejazwa. Bi Wima aliisomea barazani kwake. Mama Pindo, dirishani, aliona mikono yake ikishuka. Hakuhitaji kusoma.

Siku ya tatu, ilibaki siku moja tu kabla ya kufungwa uandikishaji. Nilikuwa nimeketi pembeni nikingoja koti langu litiwe bitana, ndiyo maana nayajua yaliyosemwa. Mlango wa mbele ukagongwa, ule wa barabarani, saa nne asubuhi, watu wakipita. Bi Wima alisimama kizingitini na fomu ya pili mkononi, na mtoto akimshika gauni. Gauni lenyewe lilikuwa la samawati.

"Jirani," akasema. "Naomba dakika moja."

"Jirani? Leo nimepanda cheo." Mama Pindo akasogeza kiti kwa mguu. "Miaka yote mimi ni fundi. Karibu. Njia ya huku unaijua, au nikuelekeze?"

Mtoto alikuwa keshaona kopo la vifungo, keshaketi sakafuni, anavipanga kwa rangi. Bi Wima akaeleza kwa sauti ya chini: mfamasia, fomu ya kwanza, siku iliyobaki. Hakulitaja neno. Mama Pindo akataka alitaje. Ameandika nini? Bi Wima akasema, ameandika vibaya. Vibaya vipi? Akamtazama mtoto.

"Ameandika kwamba hamfahamu."

"Lo," akasema Mama Pindo. "Na anamwona kila siku."

Vifungo viligongana sakafuni. Bi Wima akaanza kusema mengi kwa pamoja, kwamba wakati ule ulikuwa wakati ule, kwamba mtaa mzima ulikuwa ukimtazama, marehemu mumewe alikuwa na cheo, angeandika nini. Mama Pindo alimwacha amalize. Kisha akamwambia, kwa sauti ileile anayowaambia wateja wainue mkono, ageuze pindo la gauni lake.

Hakuelewa. Mama Pindo akampa mkasi mdogo. Bi Wima akaketi, akapandisha upindo gotini, akakata nyuzi tatu, nne. Kidole chake kikapita ndani kikasimama. Alivuta kitambaa dirishani kwenye mwanga. Nilimwona akisoma, na nilimwona akianza tena kusoma kama mtu anayetafuta mahali linapoishia.

"Yote?" akauliza.

"Kumi na moja. La mazishi limeandikwa mara mbili."

Sitasema kwamba nilimwonea huruma. Nilikuwa nimeisikia habari ile vipande vipande kwa miezi saba na nilitaka kuuona uso ule. Ulikuwa mweupe kama chaki ya kukatia.

Mama Pindo akavuta fomu, akafungua kalamu. Baadaye aliniambia kwamba kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amejua kitu cha kuandika hapo, neno moja, na mkono wake ulikuwa umelizoea kuliko jina lake. Alikuwa keshaandika herufi s kichwani. Mtoto akamletea kifungo chekundu, akamuuliza kama anacho kingine kama hicho, kwa sababu viwili vitakuwa macho. Akampa. Akamtazama kimo, na akaikumbuka safu ya chini ya ubao, ile ya kimo cha mtoto.

"Kisasi hiki nilikikata kwa vipimo vya mtu mzima," aliniambia. "Mtoto hakimkai."

Basi akaandika kwa mwandiko wa kubana, kama anavyoandika vipimo, na mistari minne ikatosha. Alipomaliza akaisoma kwa sauti, taratibu, ili Bi Wima asikie kila koma:

"Namfahamu mtoto huyu, ni mwerevu na ni mkazi. Namfahamu pia bibi yake wa namba kumi na saba, ambaye bega lake la kushoto liko chini nusu inchi nami ndiye ninayelificha. Mwanangu alipoomba nafasi hapa, bibi huyu aliandika kwenye mistari hii kwamba hamfahamu. Siku tulipoyasoma langoni alikuwa amevaa gauni nililomshonea mimi."

Akatia sahihi na tarehe, akaupepea wino.

"Siwezi kuipeleka hii," Bi Wima akasema.

"Usipeleke. Chini ya reli kuna shule, binti yangu alisoma huko. Ukungu wake unazoeleka."

"Watabandika langoni. Siku saba."

"Mimi naijua hesabu ya hizo siku, mwenzangu. Huna haja ya kunifundisha."

Fomu ya tatu haipo. Bi Wima alikaa na karatasi ile mapajani, pindo likining'inia gotini, akimwangalia mjukuu wake akikipa kifungo kimoja jina na kingine jina. Akasimama. Alimwambia mtoto aage. Wakatoka kwa mlango wa barabarani, na Mama Pindo akalisogeza cherehani inchi mbili ili dirisha lisizibwe na koti langu. Bi Wima alipanda mtaa polepole, gauni limefumuka pindo, bega limeshuka. Tulimwona akifika langoni. Tulimwona akisimama. Kisha akaingia.

Mama Pindo alimpigia simu binti yake mchana ule, na niliusikia upande mmoja wa mazungumzo. Binti alimwambia aachane na mama wa watu, yeye mwenyewe alikwisha sahau.

"Wewe sahau, ulikuwa mtoto," akajibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono."

Mtoto alikubaliwa. Ubao ulijaa wasomaji siku zote saba, na kila asubuhi Mama Pindo alivaa nguo yake nzuri, akazipiga hatua mia moja na arobaini, akasimama pale kwa muda wa kutosha mtu kusema salamu, akarudi kazini. Mfamasia aliacha kupita njia ile. Karani, ambaye ni mwingine siku hizi, alisoma fomu mara mbili na hakupokea pingamizi lolote.

Siku ya nane Bi Wima alikuja tena kwa mlango wa mbele. Kwa mkono mmoja alimshika mtoto, kwa mwingine alikumbatia rundo la nguo. Mtoto alihitaji sketi ya shule. Mama Pindo akampima kiuno na urefu, akamtania kwamba anakula vifungo, akakata, akashona, na sketi ikawa tayari kabla ya adhuhuri. Bi Wima aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo lote, duara zima, polepole. Halikuwa na kitu. Vidole vitatu vya nafasi ya kukua.

Kisha akaliweka rundo lake mezani, magauni kumi na moja, la samawati juu. Akaomba yafumuliwe yale maandishi. Hawezi kuyavaa, akasema, na hawezi kuyapeleka kwa fundi mwingine akayasoma.

Mama Pindo aliliangalia rundo. Alilisogeza kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Bi Wima.

"Nguo hizi?" akasema. "Sizifahamu."

Nilihama mwisho wa mwezi ule. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Bi Wima kwenye kizingiti cha namba kumi na saba, hadharani, miwani puani, wembe mkononi, anafumua gauni la sita. Watu walikuwa wakipita, wengine wanasalimu. Karibu na viatu vyake, juu ya jiwe, palikuwa na kirundo kidogo cha nyuzi nyekundu.